Kiti cha Mbunge Kinapobaki Wazi: Hujazwaje Kabla ya Uchaguzi Mkuu?

Kila mara mbunge anapofariki dunia, anapojiuzulu au anapopoteza sifa, maswali yaleyale huzuka katika jumuiya ndogo ndogo, hasa baada ya sala wakati watu wanapoagana. Je, chama kitamteua mtu wa kukaimu? Je, mtoto wa marehemu ana haki ya kwanza? Na kwa nini jimbo moja lilipiga kura ndani ya miezi miwili, ilhali jingine lilikaa bila mbunge hadi uchaguzi mkuu? Katika makala hii tunaeleza utaratibu wa Tanzania kama ulivyo katika Katiba ya mwaka 1977 na kama ulivyotumika katika miaka ya karibuni. Pale panapofaa tutawatazama pia jirani zetu wa Kenya.

Tuanze na neno lenyewe. Sisi Wakatoliki tunapotamka «jimbo» tunafikiri kwanza juu ya askofu na mapadre wake. Msimamizi wa uchaguzi akitamka neno hilohilo, anafikiri juu ya kata na vituo vya kupigia kura. Kanisa nalo lina sheria ya kiti kilicho wazi: askofu akifariki, Baraza la Washauri wa jimbo humchagua msimamizi ndani ya siku nane, na msimamizi huyo haruhusiwi kubadili mambo hadi Baba Mtakatifu atakapomteua askofu mpya. Jimbo la uchaguzi halina mtu wa namna hiyo. Mbunge hana naibu wala kaimu. Siku kiti kinapokuwa wazi, sauti ya jimbo hilo bungeni hunyamaza kabisa: hakuna wa kuuliza swali la nyongeza kuhusu zahanati isiyokwisha, wala wa kusimama wakati wa bajeti kuutetea mradi wa maji. Ndiyo maana Katiba haikuliacha jambo hili mikononi mwa vyama peke yake.

Jibu la swali letu linategemea mbunge huyo aliingia kwa mlango gani. Ibara ya 66 ya Katiba inataja aina mbalimbali za wabunge: waliochaguliwa majimboni, wanawake wa viti maalum, ambao hawapaswi kupungua asilimia 30 ya wabunge, watano wanaochaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar kutoka miongoni mwa wajumbe wake, wasiozidi 10 walioteuliwa na Rais, Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na Spika, endapo hakuchaguliwa kutoka miongoni mwa wabunge. Ni aina ya kwanza tu ambayo kiti chake hurudi kwa wananchi. Aliyeteuliwa na Rais akiondoka, Rais aweza kumteua mwingine. Anayetoka Baraza la Wawakilishi, Baraza hilo humchagua mwingine. Wa viti maalum wana utaratibu wao, nao tutaueleza mbele kwa kuwa ndio usiojulikana sana.

Kwa mbunge wa jimbo, Ibara ya 76 inasema kutakuwa na uchaguzi mdogo pindi inapothibitika kwamba kiti ki wazi kwa sababu yoyote isiyohusika na kuvunjwa kwa Bunge. Spika humwandikia Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi kumjulisha kuwa kiti kiko wazi. Tume, ambayo tangu mwaka 2024 inaitwa Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, hutangaza siku ya uteuzi wa wagombea, kipindi cha kampeni na siku ya kupiga kura. Vyama huteua wagombea wao, kwa maana sheria yetu haimruhusu mtu kugombea bila kudhaminiwa na chama. Wanaopiga kura ni wale tu walioandikishwa katika jimbo hilo kwenye Daftari la Kudumu la Wapiga Kura. Mwamini aliyehamia parokia nyingine bila kuhamisha taarifa zake hawezi kupiga kura katika uchaguzi mdogo wa jimbo analoishi sasa, hata kama kila Jumapili anatoa sadaka hapo.

Hakuna urithi. Jambo hili tunalisema kwa msisitizo, kwani fikra ya kwamba kiti ni cha familia haijafa. Mwezi Januari 2012 alifariki Jeremiah Sumari, mbunge wa Arumeru Mashariki mkoani Arusha. Chama chake, CCM, kilimsimamisha mwanawe, Sioi Sumari. Wananchi walipopiga kura tarehe 1 Aprili 2012, walimchagua Joshua Nassari wa CHADEMA. Miaka miwili baadaye, huko Kalenga mkoani Iringa, alifariki Dk. William Mgimwa, aliyekuwa pia Waziri wa Fedha; mwanawe, Godfrey Mgimwa, aligombea na akashinda tarehe 16 Machi 2014. Watoto wawili wa marehemu, matokeo mawili tofauti. Huruma kwa wafiwa ni tendo jema la Kikristo, lakini kura si rambirambi.

Kifo si sababu pekee. Ibara ya 71 inaorodhesha mambo yanayomwondolea mbunge kiti chake, na baadhi tunayapita haraka: kuchaguliwa kuwa Rais, kupoteza sifa za kuchaguliwa, kukiuka sheria ya maadili ya viongozi wa umma, kutotoa tamko la mali. Kupanda cheo nako kwaweza kuacha kiti wazi. Dk. Philip Mpango alipokuwa Makamu wa Rais mwishoni mwa Machi 2021, jimbo lake la Buhigwe mkoani Kigoma lilibaki bila mbunge. Wananchi wake walipiga kura tarehe 16 Mei 2021, siku moja na jirani zao wa Muhambwe, ambako mbunge alikuwa amefariki. Lakini si kila kuacha cheo ni kuacha kiti. Job Ndugai alipojiuzulu uspika Januari 2022, aliendelea kuwa mbunge wa Kongwa, na kwa hiyo Kongwa hakukuwa na uchaguzi mdogo.

Mahakama nayo yaweza kukiacha kiti wazi kwa kubatilisha uchaguzi. Hapo huhitajika subira, maana rufaa hubadili mambo. Igunga, mkoani Tabora, ni mfano mzuri wa kufundishia. Rostam Aziz alijiuzulu mwaka 2011. Uchaguzi mdogo ulifanyika tarehe 2 Oktoba mwaka huo, na Dk. Dalaly Kafumu wa CCM akashinda. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ilibatilisha ushindi wake. Akakata rufaa, na Mahakama ya Rufani ikamrudishia kiti. Wengi walikuwa wamekwisha kujiandaa kwa kampeni ya pili isiyokuja. Longido, mkoani Arusha, mambo yalikwenda kinyume: ushindi wa mwaka 2015 ulibatilishwa, na wananchi wakarudi vituoni tarehe 13 Januari 2018.

Zipo sababu mbili ambazo zimeleta mabishano mengi kuliko nyingine zote.

Ya kwanza ni chama. Katiba inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama alichokuwamo alipochaguliwa, anapoteza ubunge. Sharti hilo lina mantiki yake: mpiga kura alimchagua mtu pamoja na bendera yake, na kuibadili bendera njiani ni kumgeuka aliyemtuma. Lakini lina makali mawili. Chama kikimfukuza mbunge kwa sababu ya dhamiri yake, wananchi nao hupoteza mwakilishi ambaye hawakumkataa. Kwa kuwa mgombea binafsi haruhusiwi, mbunge huyo hawezi kurudi kwa wananchi wake kuomba kura kwa jina lake mwenyewe. Sharti kwanza apate chama kingine. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliamua mwezi Juni 2013, katika shauri la Mchungaji Christopher Mtikila na wenzake, kwamba katazo hilo linakiuka haki ya raia kushiriki katika uongozi wa nchi yao. Katiba yetu haijabadilishwa kuhusu hilo.

Kati ya mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2019 sharti hili lilizaa jambo ambalo pengine waandishi wa Katiba hawakulitarajia. Wabunge kadhaa wa upinzani walijiuzulu, wakahamia CCM, kisha chama hicho kikawasimamisha tena katika majimbo yaleyale waliyoyaacha wazi. Wengi walisema wanaunga mkono juhudi za Rais. Maulid Mtulia wa Kinondoni na Dk. Godwin Mollel wa Siha walirudi bungeni kwa uchaguzi wa tarehe 17 Februari 2018, Mwita Waitara wa Ukonga na Julius Kalanga wa Monduli kwa ule wa Septemba 2018, wengine walifuata. Kisheria hakukuwa na kosa: mtu ana uhuru wa kuhama, na wananchi wana uhuru wa kumpokea au kumkataa. Hata hivyo, sisi tunaona ni halali kwa mwamini kujiuliza kama ni haki kodi ya mkulima igharimie uchaguzi mzima ili mtu yuleyule akae kwenye kiti kilekile. Mafundisho Jamii ya Kanisa hufundisha kwamba mamlaka na mali ya umma vipo kwa ajili ya mafao ya wengi. Swali hilo humfuata mbunge yeyote anayeacha kiti kwa hiari, wa chama tawala kadhalika na wa upinzani.

Nao uchaguzi wa Kinondoni ulidai gharama isiyolipika kwa fedha. Tarehe 16 Februari 2018, siku moja kabla ya kura, polisi walipokuwa wakiwatawanya wafuasi wa chama kimoja cha upinzani, risasi ilimpata mwanafunzi wa kike wa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji akiwa ndani ya daladala, akafariki. Hakuwa mgombea wala mwandamanaji. Kwaresima ilikuwa imeanza siku mbili tu zilizotangulia, na ujumbe wa maaskofu wetu wa Kwaresima ya mwaka huo ulikuwa umegusa waziwazi kubanwa kwa shughuli halali za kisiasa nchini. Watu husema uchaguzi mdogo ni mdogo. Kwa familia ile haukuwa mdogo.

Sababu ya pili yenye mabishano ni utoro. Mbunge asipohudhuria mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika, anapoteza kiti. Hapa watu wengi huchanganya «mkutano» na «kikao». Kikao ni cha siku moja. Mkutano ni mfululizo wa vikao kwa wiki kadhaa, na ule wa bajeti huanza Aprili hadi mwishoni mwa Juni. Kwa kawaida Bunge hufanya mikutano minne kwa mwaka. Kwa hiyo mikutano mitatu si siku tatu. Ni sehemu kubwa ya mwaka mzima. Sharti hili lipo kwa ajili ya wananchi: aliyetumwa aende, na asiyeweza aombe ruhusa.

Mwezi Machi 2019 Spika alitangaza kwamba Joshua Nassari, yuleyule aliyeshinda Arumeru Mashariki mwaka 2012, amepoteza kiti kwa sharti hilo. Nassari alikwenda Mahakama Kuu bila mafanikio. Jimbo lile lililokuwa limeshuhudia kampeni kali miaka saba nyuma safari hii halikupiga kura kabisa, maana mgombea wa CCM, Dk. John Pallangyo, alitangazwa kupita bila kupingwa. Tarehe 28 Juni 2019 Spika akatangaza kuwa wazi kiti cha Singida Mashariki. Mbunge wake, Tundu Lissu, alikuwa amepigwa risasi nyingi jijini Dodoma tarehe 7 Septemba 2017, na tangu hapo alikuwa akitibiwa Nairobi na kisha Ubelgiji. Sababu zilizotolewa ni kutohudhuria bila kumjulisha Spika kwa maandishi na kutowasilisha tamko la mali. Huko nako mgombea wa CCM, Miraji Mtaturu, alipita bila kupingwa, na ombi la Lissu mahakamani lilikataliwa. Mahakama imekwisha kusema, nasi hatujifanyi mahakama nyingine. Twasema tu kwamba sharti lililotungwa kumbana mbunge mzembe hulemea vibaya linapomwangukia majeruhi, na kwamba lingefaa liseme wazi nini kifanyike mbunge anapokuwa kitandani kwa muda mrefu.

Kuhusu kupita bila kupingwa, sheria ya uchaguzi ya mwaka 2024 imeleta badiliko ambalo wengi hawajalisikia: mgombea akibaki peke yake, sasa hupigiwa kura ya ndiyo au hapana. Kwa hiyo hata pasipo na mpinzani, mwananchi ana sababu ya kwenda kituoni.

Kuna nyakati ambapo uchaguzi mdogo wenyewe huzaa uchaguzi mwingine mdogo. Konde, Pemba, ilimpoteza mbunge wake Khatib Said Haji wa ACT-Wazalendo mwezi Mei 2021. Tarehe 18 Julai mgombea wa CCM alitangazwa mshindi, na upinzani ukayapinga matokeo. Wiki chache baadaye mshindi huyo akajiuzulu. Tarehe 9 Oktoba 2021 watu wa Konde wakapiga kura tena, na kiti kikarudi ACT-Wazalendo. Mara mbili kituoni ndani ya miezi mitatu! Wapo waliolalamikia usumbufu. Sisi tunaona bora usumbufu huo kuliko mwakilishi ambaye nusu ya watu wanamnung'unikia kwa miaka minne.

Sasa tugeukie viti maalum. Viti hivi hugawanywa kwa vyama vilivyopata angalau asilimia 5 ya kura halali za wabunge katika uchaguzi mkuu, kila chama kwa kadiri ya kura zake. Kila chama hupeleka Tume orodha ya majina, nayo haitupwi baada ya uchaguzi. Ibara ya 78 inaagiza kwamba nafasi ikiwa wazi, orodha hiyohiyo ndiyo itumike kuijaza, kwa kushauriana na chama husika. Hakuna kampeni wala sanduku la kura. Wepesi huu una faida, kwani wanawake wanaowakilishwa hawabaki muda mrefu bila sauti. Una hatari pia. Mwezi Julai 2017, wakati CUF ilipogawanyika kambi mbili, upande uliotambuliwa na Msajili wa Vyama uliwafukuza wabunge wanane wa viti maalum. Baadaye wengine waliapishwa badala yao. Wanawake wanane waliondoka na wanane wakaingia bila mwananchi hata mmoja kuulizwa. Ndiyo maana mbunge wa viti maalum akitaka mizizi imara hutafuta jimbo, kama alivyofanya Bahati Ndingo alipogombea na kushinda Mbarali, mkoani Mbeya, tarehe 19 Septemba 2023, baada ya mbunge wa huko kufariki katika ajali.

Tubaki na swali la mwisho la wale wanaoagana baada ya sala: kwa nini majimbo mengine hayapigi kura? Ibara ya 76 inaweka mpaka. Iwapo tarehe ya kuvunjwa kwa Bunge inafahamika, hakuna uchaguzi mdogo katika miezi 12 inayoitangulia. Dk. Faustine Ndugulile, mbunge wa Kigamboni aliyekuwa amechaguliwa kuwa Mkurugenzi wa Shirika la Afya Duniani kanda ya Afrika, alifariki tarehe 27 Novemba 2024. Bunge lilikuwa livunjwe katikati ya 2025. Kigamboni ikabaki bila mbunge wa jimbo hadi uchaguzi mkuu wa Oktoba 2025, kipindi kilichohusisha bajeti nzima. Haikuwa hila ya mtu, ni Katiba. Lakini mwaka mmoja ni mrefu. Kenya imeuweka mpaka huo kuwa miezi mitatu tu kabla ya uchaguzi mkuu: Spika hutoa taarifa ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo hufanyika ndani ya siku 90.

Hata hivyo, sheria nzuri bila chombo cha kuitekeleza haisaidii kitu. Mbunge wa Banissa, kaskazini-mashariki mwa Kenya, alifariki mwezi Machi 2023. Wakati huo tume ya uchaguzi ya nchi hiyo haikuwa na makamishna, na wapya hawakuapishwa hadi Julai 2025. Watu wa Banissa walipiga kura tarehe 27 Novemba 2025, yaani zaidi ya miaka miwili na nusu tangu msiba. Zile siku 90 zilibaki katika karatasi.

Kwa waamini wa jimbo la uchaguzi lililo wazi, mambo machache ya kufahamu. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2240, inahesabu kupiga kura kuwa wajibu wa kimaadili, pamoja na kulipa kodi na kuilinda nchi. Haitofautishi uchaguzi mkuu na mdogo. Mapadre na mashemasi wenye daraja ya mpito hawaruhusiwi kushika nyadhifa za kiraia zenye mamlaka ya kutawala (Kanuni ya 285) wala kuwa wanaharakati wa vyama (Kanuni ya 287), hivyo asiwepo mgombea wa kutaka baraka za kampeni altareni, wala paroko wa kuzitoa. Walei, wakiwemo viongozi wa kanda, kwaya na vyama vya kitume, wako huru kugombea na kuunga mkono wampendaye, ila si kwa jina la parokia. Na wakati kiti kikiwa wazi, diwani wa kata, mkurugenzi wa halmashauri na wabunge wa viti maalum wa mkoa bado wapo ofisini. Kero ya barabara au ya dawa ipelekwe kwao, kwa maandishi, ikiwa na tarehe na sahihi.